Ndege Arobaini wa Bonde la Juu

Mbele ya karakana ya mbao palikuwa na benchi refu la ubao ambao haukuwahi kupigwa randa, na wote waliokaa hapo walikuwa viziwi. Hawakuzaliwa hivyo. Walikuwa wakata miti wa zamani, wanaume walioshika msumeno wa mashine miaka ishirini na zaidi, nayo mashine ikawala masikio kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula nguzo. Nyumbani wake zao walikuwa wamechoka kupiga kelele, kwa hiyo kila asubuhi walikuja kukaa pale. Watu wa mtaa walipaita Bungeni, kwa sababu kila mtu alisema yake na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Palikuwa na mchezo. Mtu anasimama mbele ya kiziwi mmoja, anakunja uso, kisha anachezesha midomo bila kutoa sauti, kama anayeleta habari ya msiba. Kiziwi anainama, anakinga kiganja sikioni, anasema, "Eh? Sema tena." Mtu anachezesha midomo tena, na kiziwi anainama zaidi, mpaka karakana nzima inashika mbavu. Mchezo huo ulikuwa na mwenyewe aliyeubuni, naye ni mtu waliyemwita Sikio.

Sikio naye alikuwa mkata miti, miaka kumi na minane. Upande wa pili wa kila gogo alisimama shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Sikio alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake: kabla ya kuwasha mashine alichukua vipande viwili vya nta ya nyuki, akavizungushia kitambaa, akaziba masikio. Shemeji alimwambia kwamba anaogopa kelele kama bibi harusi, na maneno hayo yakamfuata miaka yote kumi na minane. Kwa hiyo Shemeji alipofika Bungeni na kukaa, Sikio hakungoja wiki iishe. Shemeji ndiye mtu wa kwanza aliyechezewa mchezo ule. Mke wa Sikio alimnunia mumewe siku mbili, kisha akamsamehe, maana katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa bado na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kituo cha utafiti, mwisho wa barabara ya magogo. Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke msomi waliyemwita Daktari wa Ndege, na mwanzoni mama mmoja alimpelekea kuku wake anayeharisha. Daktari alihitaji mtu anayejua ndege kwa sauti, kwa sababu katika msitu mnene ndege humwoni, unamsikia tu. Sikio alikuwa amejifunza wakati wa mapumziko, alipotoa nta yake na wenzake wakabaki na mvumo wa mashine vichwani. Siku ya majaribio alitaja kila ndege kabla Daktari hajafungua mdomo. Jina la Sikio lilitoka siku hiyo, na alilivaa kama koti jipya.

Kando ya njia ya Bonde la Juu kulikuwa na vituo ishirini, kila kimoja mti uliozungushiwa rangi nyekundu. Kunapopambazuka unasimama chini ya mti, unatazama saa, na kwa dakika kumi unaandika kila ndege uliyemsikia. Kinasa sauti kilikuwa kimeoza kwa unyevu mwaka wa pili, na hakikuletwa kingine. Kilichobaki ni kichwa cha Sikio na daftari lenye jalada gumu.

Namba za daftari lile zilikuwa na kazi. Kampuni ya mbao ilipewa Bonde la Chini, na baada ya miaka sita kikao kingeamua. Ndege wa Bonde la Juu wakipungua, basi ukataji wa jirani na barabara zake umeliumiza, na kampuni itaondoa mashine zake. Wasipopungua, basi ukataji hauna madhara, na kampuni itaingia Bonde la Juu lenyewe. Mambo hayo yaliandikwa katika karatasi iliyobandikwa ukutani kituoni, na Sikio hakuisoma hata siku moja. Aliyaelewa kwa akili yake: bonde lenye ndege wengi ni bonde la thamani, na kitu cha thamani nani atathubutu kukigusa? Hakuna aliyemuuliza anaelewa nini. Walimtaka asikilize tu.

Miaka mitatu ya kwanza aliandika aina arobaini, moja zaidi au moja pungufu. Mwaka wa nne kampuni ilifungua barabara juu ya kilima, kando kabisa ya bonde. Mwanga ukaingia pasipokuwa na mwanga, majani ya chini yakakauka, mitambaazi ikapanda juu ya kila kitu. Asubuhi moja Sikio alisimama kituo cha tatu dakika kumi, akasikia ndege wawili tu, shore, na mashine kwa mbali. Kituo cha nne, hivyo hivyo. Alitia kidole kidogo sikioni, akakizungusha, akakitoa, akasikiliza tena. Vile vindege vya chini, vyenye sauti nyembamba kama sindano, havikuwepo.

Mtu mwingine yeyote angesema ndege wamepungua. Sikio hakusema hivyo, kwa sababu alijua uziwi unavyoingia. Kila mtu wa Bungeni alikuwa na hadithi ile ile: sauti nyembamba ndizo zinazotangulia. Huondoka nyenje, wakafuata ndege, wakafuata watoto, na mwisho kabisa mke. Shemeji mwenyewe aliwapoteza ndege miaka miwili kabla ya kuacha kumsikia mkewe. Msitu nao, mtu anapouchokoza, huanza kupoteza wale wale wadogo wa sauti nyembamba, ila hilo Sikio hakuwahi kuambiwa. Alichokiona pale chini ya mti mwekundu ni benchi, na nafasi yake iliyo wazi kando ya Shemeji, na kijana wa karakana akimchezeshea midomo.

Basi akaandika kwa kichwa. Alijua nani anaishi wapi, kama anavyojua majirani wa mtaa wake. Kurumbiza, kituo cha tatu. Chozi, cha tano. Hondohondo, cha kumi na moja, penye mti mkubwa wenye tundu. Hakuandika kijinga. Wakati wa mvua alipunguza, wakati wa matunda aliongeza, na mara mojamoja aliweka alama ya kuuliza ili aonekane mwaminifu. Uongo wake ulikuwa na misimu. Dhamiri ilipomuuma aliituliza kwa kusema kwamba ndege wapo, kilichokufa ni masikio yake, na kwamba namba nzuri zinalilinda bonde.

Mjinga huyu aliogopa kujipima. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana, misumeno ilivuma kutwa, na mkewe alipomwona anauliza "umesemaje?" mara kwa mara alianza kumsemesha kwa sauti kubwa, jambo lililomthibitishia kwamba kweli amekwisha. Jioni mbu walimlilia sikioni kwa ile sauti yao ya uzi, naye akawaua kwa kofi moja, bila kukosea, na hata siku moja hakujiuliza aliwajuaje.

Mwaka wa tano Shemeji alimfuata Bonde la Juu kutafuta kamba za kusukia viti. Kiziwi yule alikuwa na macho ya mwewe. Walipofika kituo cha saba alisimama, akatazama chini, akatazama juu, akatazama chini tena.

"Shemeji," alisema kwa ile sauti ya viziwi isiyojua ukubwa wake, "siafu wa hapa wamekwenda wapi? Zamani tungeruka msafara wao mara tatu kabla ya kufika hapa. Na vile vindege vinavyowafuata sivioni. Na hondohondo, hata kivuli."

Sikio alimtazama. Kiziwi anamfundisha kazi. Akakunja uso na kuchezesha midomo bila sauti, na Shemeji akainama, akakinga kiganja, akasema, "Eh? Sema tena." Sikio alicheka mpaka akashika mti. Alicheka peke yake, na hakuna ndege aliyeshtuka. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile sikio hilo halikuwa la Shemeji.

Mwaka wa sita, kikao kilipokaribia, Meneja wa kampuni alikuja na gari mpaka mlangoni kwa Sikio. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu, akasifu viti vya sebuleni. Alisema wamesoma taarifa ya Daktari: ndege arobaini, mwaka baada ya mwaka, na wamefurahi sana. Kuna jambo moja dogo. Watu watasema mhesabu wa ndege alikuwa mkata miti, na wakata miti wote ni viziwi, si mnawaona pale Bungeni? Kwa hiyo ingefaa mzee apimwe masikio, apate cheti, midomo ya watu izibwe. Yeye Meneja angempeleka mwenyewe.

Sikio aliitikia, akamsindikiza mpaka garini. Binti yake alikuwa muuguzi katika hospitali ambako angepimwa, na jioni Sikio akamwendea jikoni kwake, akafunga mlango. Alimwomba asimame nyuma ya kioo siku ya kipimo, amkonyeze kila sauti inapopigwa.

"Baba, mimi siwezi," alisema binti. "Kama ni mabovu, ni mabovu. Hatutakutupa."

Hatutakutupa. Neno hilo lilimchoma kuliko kukataliwa, kwa sababu ndilo alilosema mkewe kuhusu Shemeji, na Shemeji alikuwa ametupwa.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, kuta zake zimefunikwa sifongo. Mpimaji, kijana mwenye miwani, alimvika vipokea sauti vya masikioni, akampa kitufe, akamwambia abonyeze kila anaposikia mlio. Sikio aliazimia kubahatisha, kama alivyozoea na ndege. Haikuhitajika. Mlio wa kwanza ulikuja mnene, akabonyeza. Wa pili mwembamba. Wa tatu mwembamba zaidi, mwembamba kama chozi anapoita juani, na wa nne kama yule mdogo wa kituo cha tatu ambaye hakumsikia tangu barabara ilipofunguliwa. Yote aliisikia. Alibonyeza huku machozi yanamtiririka.

"Mzee, haya ni masikio ya kijana," mpimaji alisema. "Kweli ulifanya kazi ya kelele wewe?"

Nta. Ile nta ya bibi harusi. Sikio alicheka, akamkumbatia binti yake aliyekuwa akingoja mlangoni, akachukua cheti chenye mhuri, akatembea ukumbini kama bwana harusi. Alisikia ndala za wagonjwa. Alisikia bomba likidondoka maji nyuma ya ukuta, na funguo zikigongana mfukoni mwa mlinzi. Alipofika getini, Meneja akiwa amekwisha kumfungulia mlango wa gari, miguu ilisimama yenyewe. Kama masikio ni mazima, basi bonde ndilo lililonyamaza. Limenyamaza miaka mitatu, naye amekuwa akiliimbia kwa kalamu.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, alikuwa kituo cha kwanza. Alisimama katika vyote ishirini, dakika kumi kila kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa nne akaandika alichokisikia tu. Shore. Njiwa. Kunguru, ambaye hakuwa na haki ya kuwa ndani ya msitu. Alipofika cha ishirini alikuwa na aina sita. Kituo cha kumi na moja, chini ya mti wenye tundu, matunda yalikuwa yamelala yakioza, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu wa kuyala na kubeba mbegu zake kwingine hakuwepo tena. Alikaa juu ya mzizi, akalia kama mtoto. Aliogopa, tena aliona aibu, na vyote viwili vilimstahili.

Alimpelekea Daktari ukurasa ule. Daktari aliusoma akiwa amesimama, akauliza ni miaka mingapi, akajibiwa mitatu. Akatazama rafu, penye vitabu vipya kumi vyenye jina lake mgongoni, bado vimefungwa kamba.

"Kitabu kimeshatoka," alisema, si kwa hasira. "Namba zote zimo humo. Mzee, umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike."

Akamrudishia ukurasa, akafungua mlango mwenyewe.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayokwaruza. Nusu ya mtaa ilikuwa imekuja, maana kampuni iliahidi ajira. Daftari liliwekwa mezani, cheti cha masikio juu yake. Mwenyekiti alisoma kwa sauti masharti ya ile karatasi ya kituoni, na hapo ndipo Sikio aliposikia kwamba ndege wengi ndio wanaoifungulia kampuni Bonde la Juu. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, Sikio alisimama.

"Ndege hao wa miaka mitatu sikuwasikia," alisema. "Niliwaandika kwa kichwa."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini.

"Nilidhani nimekuwa kiziwi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mwenyekiti alingoja kiishe, akainua cheti, akauliza kama mzee anakikubali. Sikio alikikubali.

"Basi mtu mwenye masikio ya kijana amesimama msituni miaka sita, ameandika ndege arobaini kila mwaka," Mwenyekiti alisema. "Leo anasema hawapo. Niamini mkono wako wa miaka sita, au mdomo wako wa asubuhi moja?"

Sikio alitoa ukurasa wake. Meneja, kwa adabu ile ile ya kuvua viatu, aliuliza ni nani aliyekuwa naye siku alipouandika. Hakuwepo mtu. Je, yupo mwingine aliyeona ndege wakipungua? Sikio akasema yupo, shemeji yake aliona tangu mwaka jana, alimwambia kwa kinywa chake.

"Shemeji yupi?" Meneja aliuliza. "Yule wa Bungeni?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mtu mmoja mstari wa tatu alisimama, akakunja uso, akachezesha midomo bila sauti kumwelekea Sikio, na wengine wawili wakakinga viganja masikioni. Mchezo ulikuwa wake. Aliwafundisha mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwamba neno la mtu wa benchi lile si neno, na wanafunzi wake walikuwa wamefaulu.

Mwenyekiti alimgeukia Daktari. Daktari alisimama, akasema daftari lilitunzwa kwa taratibu zote za kitaalamu, na kwamba mzee ametumikia kwa uaminifu mkubwa, ila umri ni umri. Akakaa bila kumtazama. Husemwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Mungu hakuwa mjumbe wa kikao kile. Leseni ilitolewa kabla ya chakula cha mchana.

Kituo hakikumhitaji tena. Karakana nayo haikuchukua wazee. Mkewe alimsemesha kwa sauti kubwa bado, sasa kwa hasira, akisema mficha maradhi kilio humfichua, na huyu wake ameficha hata maradhi asiyokuwa nayo. Siku ya nne ya kukaa ndani Sikio alitoka, akaenda Bungeni, akasimama. Viziwi walimtazama. Shemeji alisogea, akapigapiga ubao kumwonyesha nafasi.

Sasa yeye ndiye anayechezewa midomo kuliko wote, kwa sababu wanamwita Kiziwi wa Cheti, na wanajua anasikia, na hilo ndilo linalowafurahisha. Viziwi wengine hawasikii wanavyotukanwa. Yeye anasikia kila neno, hata yale yanayonong'onwa ng'ambo ya barabara, kwa masikio yale mazima. Anasikia pia mashine za Bonde la Juu. Kwa mlio wa msumeno anajua mti ni wa aina gani, na kwa urefu wa mlio anajua unene wake.

Wiki ya pili, asubuhi, Shemeji aliweka kiganja chake juu ya benchi, akakituliza. Viziwi husikia kwa mikono.

"Umeanguka mkubwa," alisema.

Sikio aliitikia kwa kichwa. Aliutambua. Ulikuwa wa kituo cha kumi na moja, wenye tundu, na ulichukua muda mrefu kukubali.

"Zamani mti kama ule ukianguka," alisema Shemeji, "ndege walipaa bonde zima, hata mimi na mashine yangu nilikuwa nawasikia. Leo wamelia?"

"Hakuna kilichoruka," alisema Sikio.

Shemeji aliinama, akakinga kiganja. "Eh? Sema tena."

Sikio alimtazama kuona kama anamchezea. Hakuwa anamchezea. Akaweka mdomo wake sikioni mwa Shemeji, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Hakuna kilichoruka!" Msumeno wa karakana ulikuwa umezimwa wakati ule ule ili wabadilishe ubao, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia. Watu waligeuka wakamtazama, kisha wakacheka. Shemeji alikuwa bado ameinama, anangoja aambiwe tena.